Sentimita Arobaini na Tatu

Makambako
1 Juni 2025

Baba Mkubwa Elieza,

Shikamoo. Mimi ni Priska, mke wa Sadock, mtoto wa mdogo wako Danford. Hatujawahi kuonana. Kwenye ile picha ya harusi uliyotumiwa, mimi ndiye yule mfupi waliyemsimamisha juu ya tofali ili kichwa kifike begani kwa mume wake.

Baba mkwe ndiye aliyeniagiza nikuandikie. Anasema masikio yako hayapatani tena na simu, na kwamba hesabu hutaki kuzisikia, unataka kuziona. Barua hii inakuja na basi, konda ataiacha ofisini Muheza kwa jina lako.

Sadock yuko mahabusu Njombe. Tarehe 23 Mei, saa kumi na mbili na robo asubuhi, tulikuwa tunatoka Yakobi kwa baba mkwe, tumepakia mifuko tisa ya viazi kwenye pikapu yetu. Ukungu wa siku hiyo ulikuwa ule unaokufanya usione hata mkono wako. Kabla ya kufika Makambako, pikipiki ilitoka kwenye njia ya shamba upande wa kushoto, tukaigonga, kisha gari likaingia mtaroni na kugonga karavati. Kijana wa pikipiki alifariki pale pale. Anaitwa Remmy, ana miaka ishirini na mbili, mama yake ni mjane.

Sadock ndiye alikuwa anaendesha. Mimi nilikaa kushoto. Sikuumia.

Polisi wanasema alikuwa katika mwendo wa zaidi ya tisini, maana kuna mama aliyesikia gari "likipaa". Dhamana imekataliwa kwa usalama wake, kwani madereva wa bodaboda wameapa kulipiza kisasi. Shauri litatajwa tena tarehe 8 Julai, na Wakili Oliva anasema akipatikana na hatia ni kifungo cha miaka. Baba mkwe anasema wewe ulikuwa unasoma ajali kama wengine wanavyosoma Biblia, na kwamba ukiona vipimo utaweza kumtoa mwanao.

Mimi naandika kwa sababu nimeagizwa. Kama umechoka au hali ya mwili hairuhusu, usijilazimishe. Tutaelewa kabisa.

Mkweo,
Priska


Muheza
4 Juni 2025

Mkwe wangu Priska,

Marahaba. Kamwene. Neno hilo sijalitamka kwa mtu miezi mingi. Wabena wa huku waliokuja na baba zetu kukata mkonge wamebaki wachache, na watoto wao wanaona aibu kujibu.

Nilichukuliwa Yakobi nikiwa na miaka minane, mwaka 1958. Mdogo wangu Danford alikuwa bado mgongoni kwa mama. Huu ukungu unaouandika naukumbuka ulivyokuwa ukiingia mlangoni, kuku wakikataa kutoka. Mwisho kuuona ni 1998, tulipomzika mama. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa magari miaka thelathini na moja, na ninakuambia jambo ambalo sijawaambia hata wanangu: ninaogopa barabara. Nikipanda basi nahesabu nguzo na kupiga hesabu ya breki mpaka ninaposhuka. Ndiyo sababu sirudi kwetu.

Hali ya mwili inaruhusu. Nitafanya.

Mwaka 1983 nilipelekwa Ulaya miezi tisa kujifunza. Kulikuwa na uwanja wenye ukuta wa zege, na gari zima, jipya, lilivutwa kwa waya na kubamizwa kwenye ule ukuta. Ndani waliketisha sanamu lenye uzito wa mtu, limefungwa mkanda. Kabla ya kuligonga walilipaka rangi mbichi: goti la kulia nyekundu, la kushoto buluu, paji la uso njano. Baada ya kishindo tulikwenda kutazama ni rangi gani imebaki wapi ndani ya gari. Mwalimu wetu hakuuliza nani ameona nini. Aliuliza rangi iko wapi.

Basi fanya hivi. Nenda barabarani kabla mvua haijaosha, ukiwa na mtu wa kukulindia magari. Pima alama nyeusi ya matairi tangu inapoanza hadi ukingo wa mtaro, uniambie pia vioo vya taa vilidondoka wapi. Kisha nenda yadi ya polisi. Pima bampa limerudi nyuma kiasi gani, si katikati tu, bali sehemu sita kutoka kushoto hadi kulia. Toa balbu ya mbele ya pikipiki, itazame waya wake juani, unieleze rangi na umbo. Mwisho ingia ndani ya gari. Pima kutoka ukingo wa mbele wa kiti cha dereva hadi pedali ya breki, uniandikie kila mkwaruzo ulioko chini ya dashibodi, pande zote mbili. Na ukimtembelea Sadock, mwulize mkanda ulimwacha na alama wapi.

Usikadirie kitu kwa macho. Usipime kwa hatua, kama wanavyofanya askari wenye haraka.

Baba yako,
Elieza Mgaya


Makambako
10 Juni 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara tatu, na baba mkwe akaisoma kwa sauti mbele ya wote, kwa hiyo nimekwenda.

Mimi ni fundi cherehani. Nilitumia futi yangu ya nguo, yenye sentimita mia na hamsini, na chaki yangu ya kuchorea vitambaa. Wifi yangu Dainess alisimama na kanga nyekundu kuwapungia madereva. Malori yalipita karibu hadi upepo wake ukatuvua vilemba. Futi ilikwenda mara kumi na mbili, na sentimita ishirini zikabaki. Kwa hiyo mita kumi na nane na nukta ishirini. Vioo vinaanza mita saba baada ya alama kuanza.

Tukiwa tumeinama pale, pikipiki nne zilikuja zikasimama juu yetu, injini zikiunguruma. Mmoja akasema, "Dada fundi, unaipima lami umshonee mumeo sare ya jela?" Wenzake wakacheka. Dainess akamjibu, "Ushonewe wewe mdomo." Nilimvuta mkono tuondoke. Hawakutufuata, lakini tangu siku hiyo kila jioni wanapita mbele ya duka langu polepole, wanapiga honi mara moja, wanaondoka. Mara moja tu. Nikiisikia, mguu unaniruka kwenye cherehani na sindano inavunjika. Nimevunja sindano saba.

Yadi ya polisi niliruhusiwa kuchukua maturubai yetu, nikapima haraka. Bampa, kutoka kushoto: 31, 28, 24, 17, 11, 9. Balbu ya pikipiki kioo chake kimepasuka, lakini waya wa ndani upo, umejikunja vizuri kama springi mpya, unang'aa, hauna weusi wowote.

Chini ya dashibodi, upande wa kushoto, plastiki imebonyea sehemu mbili, upana wa magoti. Upande wa usukani hakuna kitu.

Kiti hadi breki, arobaini na tatu.

Sadock nilimwona Jumamosi. Amekonda. Alama ya mkanda imeanza kuwa ya njano, inaanzia bega la kushoto inashuka kifuani hadi nyonga ya kulia. Anakusalimia. Anasema usihangaike, ameamua kukiri kosa tarehe 8 ili mambo yaishe.

Mkweo,
Priska


Muheza
13 Juni 2025

Mkwe wangu,

Marahaba. Umepima kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hii. Nimekaa na karatasi zako siku mbili.

Nakupa habari njema kwanza, umpelekee Wakili Oliva. Kwa lami yenye unyevu na alama ya mita kumi na nane, pamoja na nguvu iliyobaki ya kukunja bampa lile, gari lilikuwa kwenye mwendo wa kilomita hamsini na sita kwa saa. Nikikosea, ni tano juu au tano chini. Kama lingekuwa kwenye tisini, lingefika kwenye karavati bado na mwendo mkali, na bampa lingeingia mpaka kwenye injini. Huyo mama alisikia gari kweli, lakini ukungu hukuza sauti.

La pili. Waya wa balbu unapokuwa unawaka huwa laini kama uzi uliolowa. Ukigongwa unavutika, na hewa ikiingia unakuwa mweusi. Huu umebaki springi yenye kung'aa. Remmy alitoka shambani bila taa.

La tatu. Vioo viko mita saba mbele ya mwanzo wa alama. Maana yake breki ilikanyagwa kabla ya kugonga, si baada. Dereva aliona kivuli na mguu ukafika chini papo hapo. Nimekagua ajali za watu wenye leseni za miaka ishirini ambao hawakuwahi kukanyaga hivyo.

Kwa hiyo Sadock asikiri. Mwambie hivyo kwa jina langu.

Sasa nina maswali mawili ya kuweka hesabu sawa. Kuna mtu yeyote aliyesogeza kiti cha dereva baada ya ajali, askari au fundi wa kuvuta gari? Na wewe uliyemshonea mumeo suti ya harusi, mguu wake wa suruali kwa ndani ni sentimita ngapi?

Baba yako,
Elieza


Makambako
17 Juni 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mguu kwa ndani ni themanini na tisa.

Kiti hakijasogezwa. Reli yake ilipinda kwenye karavati, hakiendi mbele wala nyuma.

Wakili amefurahi sana kwa habari ya mwendo na ya taa. Anaomba ripoti yenye sahihi yako, na ikiwezekana uje mwenyewe kuisema mahakamani. Nimemwambia wewe ni mzee na safari ni ndefu.

Baba Mkubwa, ripoti si lazima iwe na kila kitu. Habari ya kiti haihusiani na mwendo. Mkanda nao hauhusiani. Ningeomba uviache.

Leo wamepiga honi mara mbili.

Priska


Muheza
21 Juni 2025

Mwanangu Priska,

Sitaandika tena "mkwe". Soma barua hii peke yako, kisha uamue utaiweka wapi.

Mtu mwenye mguu wa themanini na tisa hawezi kukaa kwenye kiti kilicho sentimita arobaini na tatu kutoka kwenye breki. Magoti yangeziba usukani. Mkanda wa dereva katika magari yetu hupita bega la kulia. Wa abiria hupita la kushoto. Mume wako ana alama bega la kushoto, na magoti yake yako kwenye dashibodi ya kushoto. Sadock alikuwa abiria. Mlikuwa wawili tu ndani ya gari.

Nilijua siku niliyopokea vipimo. Yale maswali mawili nilikuuliza nikitumaini utaniambia kiti kilisogezwa. Ungesema hivyo ningekuamini, na Mungu angenisamehe. Hukusema.

Sasa sikiliza kwa nini siwezi kuviacha. Mwaka 1991 nilikagua lori lililoua watu watatu mteremkoni. Breki zilikuwa zimekazwa baada ya ajali ili zionekane nzima, alama za spana zilikuwa mpya, na bosi wangu aliniambia zile alama hazihusiani na swali tulilopewa. Mstari huo mmoja nikauacha nje ya ripoti. Dereva alifungwa miaka minne kwa kutofunga breki ambazo hazikuwepo. Alipotoka nilimwona sokoni Muheza akiuza machungwa. Nilinunua kwake kila Jumatano mpaka alipokufa, na sikumwambia. Alikuwa akiniongezea moja kila mara kwa sababu nilikuwa mteja mzuri.

Ripoti yangu itakuwa nzima, au haitakuwepo. Bila ripoti mumeo anafungwa kwa mwendo wa tisini ambao haukuwepo. Nikiiandika, wewe ndiye utakayesimama. Niambie kwanza ilivyokuwa.

Elieza


Makambako
25 Juni 2025

Baba Mkubwa,

Nimeichoma barua yako kwenye jiko la mkaa, baada ya kuishika yote kichwani.

Ilikuwa hivi. Sadock alikuwa ananifundisha tangu Aprili, asubuhi ambapo hakuna trafiki, ili niwe ninapeleka sare za shule Njombe mwenyewe. Sina leseni. Siku ile alikuwa ananitania, ananiambia, "Bibi mkubwa, umeshika usukani kama umeshika kuku anayetaka kukimbia." Nilikuwa nacheka. Ndipo kivuli kikatoka.

Gari liliposimama yeye alikuwa amezimia. Nilitoka nikaenda kwa yule kijana. Nilikaa naye. Kisha Sadock akaja anayumba, akanitazama, akanitazama tumbo, maana nina mimba ya miezi mitano, akasema, "Kaa kushoto. Wakija watu wewe ulikuwa kushoto." Tulisikia sauti kwenye ukungu, bado hatuoni mtu. Nikazunguka. Watu walipotokea, yeye alikuwa ameshika mlango wa dereva.

Mimi pia nina alama. Bega la kulia hadi chini ya tumbo. Nimeificha kwa sweta mwezi mzima. Hata mkunga nilimwambia nilianguka kwenye ngazi.

Unajua ningeweza kuandika sitini. Nilikuwa peke yangu ndani ya lile gari, penseli mkononi. Niliandika 6. Nimeshika futi miaka kumi na mmoja, Baba Mkubwa, na sijawahi kumwandikia mtu kipimo kisicho chake. Nikafuta.

Naogopa kuzalia gerezani. Naogopa wale vijana wakijua ni mimi. Lakini ninachoogopa zaidi ni Sadock akifungwa na mimi nikazoea.

Priska


Gereza la Mahabusu, Njombe
27 Juni 2025
(kwa mkono wa mchungaji)

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mchungaji ananisubiri, sina nafasi.

Priska ameniambia una karatasi zenye vipimo. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Nilisema hivyo polisi na ndivyo itakavyobaki. Huku nimeshazoea, tunakula, tunaimba. Mwanamke mwenye mimba hawezi humu. Nimeona wa upande wao wakipelekwa kisimani. Siandiki zaidi.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi hesabu hii: mmoja ndani, watatu nje kwa raha, maana na Dainess yupo. Au wawili ndani, mmoja wao mtoto ambaye hajafanya kosa.

Ukinipenda kama mtoto wa mdogo wako, ichome. Usipoichoma sitakuita baba tena.

Sadock


Muheza
1 Julai 2025

Priska,

Mume wako ameniandikia. Sikumjibu, kwa sababu hesabu yake ina kosa moja tu na sikutaka kuwa mimi wa kulionyesha: hakukuweka wewe ndani yake kama mtu mwenye kauli.

Kwenye bahasha hii iko ripoti. Kurasa nne, na sahihi yangu kila ukurasa. Mwendo, taa, breki, kiti, mkanda, magoti. Mwishoni nimeandika kwamba dereva, yeyote aliyekuwa, asingeweza kuiepuka pikipiki ile, na kwamba hilo nitaliapia. Sikuandika jina la dereva. Kipimo hakina jina.

Nimeifunga kwa gundi na sijatuma nakala kwa Wakili Oliva, wala kwa Danford. Hakuna mwingine mwenye kuijua. Uipeleke au uichome kama ile nyingine. Ukiichoma, sitaandika ya pili, na sitakuuliza. Nimeogopa maisha yangu yote kumwamulia mtu mwingine, na mara moja niliyofanya hivyo nilikuwa nikila machungwa yake miaka mitano.

Tarehe 6 nitapanda basi. Nimekata tiketi ya kiti cha katikati, upande wa kulia, nyuma ya nguzo ya dirisha. Nitafika Njombe hata kama karatasi haitafika.

Elieza


Makambako
10 Julai 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Uko chumba cha pili kwa baba mkwe Yakobi na mimi niko Makambako, tungeweza kuongea Jumapili, lakini mbele za watu sitaweza. Kwa hiyo ninaandika mara ya mwisho.

Bahasha niliikalia siku nne. Niliiweka chini ya mto wa kiti cha cherehani, nikashona juu yake sketi kumi na mbili. Sabasaba asubuhi duka lilikuwa limefungwa, nikaenda nayo nyumbani kwa Wakili Oliva. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye kiti alinitazama miguu. Nikavuta kola ya sweta, nikamwonyesha bega.

Ya kesho yake, tarehe 8, unayajua, ulikuwepo mahakamani. Ulimwona Sadock kizimbani nilipoinuka badala yake. Hakunitazama, wala wewe hakukutazama, na alipopelekwa nje alimwambia askari amfunge pingu za kubana zaidi. Nimekubali kwamba huenda hatatusamehe mapema. Yeye sasa anajibu kwa kusema uongo polisi, mimi najibu kwa kuendesha bila leseni, na hilo kubwa la kifo Wakili anasema litasimama au litaanguka juu ya kurasa zako nne tarehe 5 Agosti. Dhamana yangu wameikubali. Honi hazijapigwa tangu juzi, na ukimya huo nao sijaupenda.

Lakini kuna jambo ulilokosa kuliona, kwa sababu ulikuwa umeshatoka kwenda kukaa kwenye jua.

Mama yake Remmy, Tabea, alinifuata kwenye ile korido ya nje. Nilijua atanipiga. Nilishika tumbo kwa mikono miwili nikasubiri. Akasimama karibu sana, ni mfupi kama mimi, akasema, "Mumeo nilimwuliza mara tatu kupitia mchungaji, mwanangu alisema nini. Mara ya kwanza alisema hakusema kitu. Mara ya pili alisema aliomba. Mara ya tatu alisema aliniita. Nikajua hakuwepo. Wewe ulikuwepo?"

Nikamwambia nilikuwepo. Nilimwekea kichwa mapajani.

"Alisema neno?"

Baba Mkubwa, nilikuwa nimejiapiza kutomwambia mtu, kwa sababu halikuwa neno la kumpa mama. Alikuwa amenishika sweta, anajaribu kuinuka aitazame ile pikipiki. Alisema, "Dada, si yangu. Pikipiki si yangu." Alirudia mpaka mwisho.

Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuongeza.

Tabea akasema, "Ndiye. Huyo ndiye mwanangu," akaketi kwenye benchi, na mimi nikaketi. Hakunisamehe na sikumwomba. Tulikaa hapo mpaka karani akaja kufunga mlango.

Priska